Pimbi na Nadharia ya Kwato Kinyume

Msinicheke, wanangu. Nimefika Moroni, Bujumbura na Lubumbashi bila kupotea. Leo nimekuja kumtembelea binamu yangu, nimevua viatu, nimeketi, namaliza kikombe cha pili cha chai, ndipo mama yenu ananiuliza kwa upole, "Samahani, kaka, wewe ni nani hasa?" Kumbe binamu yangu anakaa nyumba ya pili. Haya, chai imeshaingia, haitoki tena. Nipeni sikio niwape hadithi.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado laini kama maandazi, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao kando ya bwawa. Huko alisoma Pimbi, kijinyama cha mwambani, umbo lake kama panya aliyeshiba. Somo lililomtesa ni Elimu ya Malisho: sura ya majani, sura ya mizizi na sura ya mawe. Mtihani wa kwanza aliufeli. Huu wa marudio akiufeli, anafungashwa virago, na mama yake alikuwa ameshashona kitenge cha mahafali.

Mawazo yakamla. Manyoya ya shingo yakaanza kunyonyoka. Akifungua kitabu, moyo ndu, ndu, ndu. Anakifunga.

Waliommaliza kabisa ni Tembo na Nyati, waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani huohuo. Kila wakikutana mgahawani, Tembo anasema, "Mimi sura zote nimemaliza. Sasa narudia tu."

Nyati anamjibu, "Bado unarudia, dada? Mimi siku hizi nalala tu."

Pimbi anarudi bwenini, anajifunika blanketi gubigubi.

Siku moja, chai imemshinda kumeza, akaropoka, "Na ile Nadharia ya Kwato Kinyume, mmeielewaje?" Nadharia hiyo haikuwepo. Aliitunga palepale, kwa hasira, aone watasemaje.

Tembo akapiga masikio, pwata, pwata.

"Ah, ile," akasema. "Nyepesi."

"Mimi ndiyo niliyoanza nayo," akasema Nyati, akitazama dirishani.

Pimbi akainamia kikombe wasimwone anavyocheka. Kumbe na hawa wanaogopa! Siku hiyo alimaliza sahani nzima ya wali.

Jioni, Tembo huyo, ananyata hadi bwenini kwa Pimbi. Na mnyama wa ukubwa ule akinyata, madirisha yote yanatikisika.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "ile nadharia, hebu nikumbushe. Imenitoka kidogo tu."

"Nitakukumbusha, dada. Ila kichwa changu hakifunguki mpaka nisikie kwanza sura ya mizizi. Nieleze polepole, kama unamweleza mtoto."

Sura hiyo ndiyo pekee aliyoisoma Tembo, na aliijua kwelikweli. Akaeleza. Pimbi akauliza, Tembo akarudia, mpaka ikaingia. Kisha Pimbi akamnong'oneza sikioni, "Kwato za mbele zikitangulia, za nyuma hufuata. Ihifadhi. Na usimwambie Nyati."

Tembo, ambaye kwato hata moja hana, akaondoka anaihifadhi.

Asubuhi Nyati naye, hodi hodi. "Bwana mdogo, mimi najua, lakini nataka nisikie wewe unaielezaje."

Huyo alitozwa sura ya majani. Sura ya mawe Pimbi hakuitafutia mwalimu, alizaliwa juu yake.

Siku ya mtihani Pimbi aliandika, kwaru, kwaru, kwaru. Tembo aligeuza karatasi mbele, akageuza nyuma. Mwishowe akanyoosha mkonga.

"Mwalimu, mbona Nadharia ya Kwato Kinyume haimo?"

"Na tumeihifadhi yote," Nyati akadakia.

Mwalimu Kobe akatoa kichwa kwenye gamba, taratibu. "Nafundisha hapa tangu bwawa hili likiwa dimbwi," akasema. "Hiyo ndiyo kwanza naisikia."

Matokeo yakatoka. Pimbi kafaulu. Wale wakubwa wawili walifeli, ila Mwalimu Kobe akawahurumia, akawapa nafasi moja ya mwisho ya kurudia mtihani. Tembo akamfuata Pimbi hadi mwambani, vumbi linatimka.

"Wewe mtoto! Nimeacha sura mbili nzima, nakariri upuuzi wako! Kwa nini hukuniambia kuwa haipo?"

Pimbi alikuwa anaota jua. Akachukua kitabu, akamfungulia kwenye sura ya majani.

"Ungesema hujui, ningekwambia."