Kete Kumi na Mbili za Mama Nguchiro

Ngano!
— Itambe!
Ngano yangu ina milango mitatu.
— Tufungulie, tuingie!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakimaliza ugomvi kwa dama badala ya meno, Mama Nguchiro alikaa katika kichuguu chenye milango mitatu, yeye na wanawe kumi na wawili. Masika yalikuwa yakikaribia. Akaja Kenge, mkia ukiburura vumbi.

"Hodi, Mama Nguchiro."

"Karibu, Bwana Kenge."

"Sikai. Mke wangu anatafuta pa kutagia, na kichuguu hiki kimempendeza. Tucheze dama siku tatu, kila siku mlango mmoja."

Siku zile aliyekataa dama alihesabiwa ameshindwa. Mama Nguchiro akakubali. Nungunungu akakaa mwamuzi, kete kumi na mbili zikapangwa huku, kumi na mbili kule.

Dama ina sheria hii: ukitegewa kete, huna budi kuila, hata kama na wewe utaliwa. Kenge aliipenda mno. Alisukuma kete yake mbele na kuimba:

"Kula nikule, kula nikule,
tubaki wachache, tuonane!"

Siku ya kwanza, Mama Nguchiro alizipa kete zake majina ya wanawe. Mchezo ukafika kati, yeye ana sita, Kenge ana tano. Angeweza kutoa moja achukue moja. Lakini amtoe nani? Chapuo? Sesere? Kidoto, kitindamimba?

"Sitoi mtoto," akasema. Akazirundika pembeni hadi zikakosa pa kwenda.

"Mama we, hivyo ni vipande vya miti!" Kenge akacheka. Mlango wa kwanza ukaenda.

Siku ya pili Mama Nguchiro alikuja na hasira. "Leo natoa wote!" Alikuwa na tano, Kenge sita. Kenge akaimba, naye akaitikia. Kula nikule, kula nikule, wakabaki moja kwa mbili. Zile mbili zikaibana ile moja. Mlango wa pili ukaenda.

Jioni Mama Nguchiro hakulia, alistaajabu. "Jana nilibana, nikashindwa. Leo nimetoa, nimeshindwa. Basi dama inataka nini?"

Akaokota kokwa, akapanga sita huku, tano huku. Akaondoa moja na moja. Akaondoa tena. Akaondoa tena na tena, zikabaki mbili kwa moja. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Ajabu! Tofauti ni moja ileile, lakini haifanani. Sita kwa tano ni majirani. Mbili kwa moja ni wawindaji na windo."

Siku ya tatu akasema, "Leo nacheza kwa milango yote mitatu."

"Hata minne!" akajibu Kenge.

"Ipo mitatu, Bwana Kenge. Hesabu vizuri."

Kenge akatangulia, sita kwa tano. Akaimba. Mama Nguchiro kimya, kete zake mgongo kwa mgongo, hakuna tundu la Kenge kutegea. Akaimba mara ya pili. Kimya. Akaimba mara ya tatu. Kimya. Uvumilivu ukamwisha, akasukuma kete bila kutazama nyuma yake. Mama Nguchiro akaruka mbili kwa mkupuo mmoja! Tano kwake, nne kwa Kenge.

Ndipo yeye akaimba, "Kula nikule, kula nikule!"

"Siitaki hiyo!"

Nungunungu akatikisa miiba. "Umetegewa, Bwana Kenge. Kula."

Akaenda Chapuo: nne kwa tatu. Akaenda Sesere: tatu kwa mbili. Sasa ya kutolewa ilikuwa Kidoto. Mama akaigusa kete. Akageuka. Kidoto mwenyewe alikuwa mlangoni, anajikuna sikio.

Akaisukuma kete.

Mbili kwa moja. Kete ya Kenge ikakimbilia pembeni. Moja ikaifuata huku, moja kule. Haikupata pa kupita. Milango yote mitatu ikarudi.

Mvua ya kwanza iliwakuta watoto kumi na wawili ndani. Mama aliwaita mmoja mmoja kwa jina, kila jina likaitika.

Funzo ni hili: ukiwa mbele, toa upewe, ukiwa nyuma, jibane usubiri, na kabla ya yote, hesabu. Kenge hata leo hutoa ulimi njiani. Anaimba "kula nikule", na hakuna anayemwitikia.

Ngano yangu naifunga milango yote mitatu. Aliyebaki nje na alowe!