Saa Kubwa, Mkono Mwembamba

Siku saa zile zilipoletwa, zilikuja ndani ya makatoni ya sabuni, zikamwagwa juu ya meza ya kukunjia mashuka kama viazi. Zote zilikuwa nyeusi, zote kubwa, zote na mkanda wa mpira mgumu. Meneja mpya alisimama kando yake, mikono ya shati ameikunja ili saa yake mwenyewe ionekane vizuri. Hiyo ya kwake haikutoka kwenye katoni. Alikuwa amekwenda dukani kwa miguu yake, akajaribu tatu, akarudisha mbili, akabaki na ile iliyomkaa sawasawa, yenye mkanda laini wa ngozi. Aliwasimulia wafanyakazi hamsini jambo hilo kwa majivuno, kisha kwa pumzi ileile akawaambia wao wachukue yoyote tu, kwani zote ni sawa.

Sawa! Mtu akitamka neno kama hilo mbele ya watu wazima, angalau aone haya kidogo. Huyu hakuona.

Kiwanda hicho kilifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali na hoteli. Sakafu yake haikukauka mwaka mzima, na mvuke wa mashine ulimlowesha mtu hata kama hajagusa maji. Humo ndani palikuwa na mwanamke aliyefanya kazi kwa miaka kumi na tisa, ambaye wenzake walimwita Kijiti kwa sababu ya wembamba wake. Hakulichukia jina hilo. Mikono yake ilikuwa myembamba kweli, lakini kwa kukunja shuka hapakuwa na wa kumfikia. Alikuwa mjane, na nyumbani walimtegemea wawili: binti yake aliyekuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi, na mama mkwe wake aliyekuwa hajiwezi kitandani. Kazi hiyo ikimponyoka, wote watatu walikuwa hawana pa kushika.

Kijiti alijaribu saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilimvuka kifundo cha mkono upande huu na upande huu. Aliukaza mkanda mpaka pakawa hakuna tundu lingine, na bado saa ilizunguka mkononi ikaangalia sakafu.

"Meneja, hii hainikai," alisema kwa upole. "Hakuna ndogo kidogo?"

"Mama, hii ni saa ya kazi, si ya harusi. Kwani unataka ikupendeze?"

Wachache walicheka. Kijiti aliondoka nayo.

Kazi ya saa zile ilikuwa kumchunga mfanyakazi. Chini yake zilikuwa na taa ndogo za kijani zilizosoma mapigo ya damu kupitia ngozi. Zikisoma, kompyuta ya ofisini ilionyesha kwamba mtu yuko kazini. Zisiposoma kwa dakika tano, jina lake liligeuka jekundu, na kando yake yakaandikwa maneno mawili: hayupo kazini. Wekundu ukizidi, mtu hupewa barua ya onyo. Akipata barua ya tatu, safari ya nyumbani.

Wiki ya kwanza saa ilimtesa Kijiti. Akinyoosha shuka, ilimteleza hadi kwenye vidole. Akiinua mkono, ilimporomoka hadi karibu na kiwiko. Maji ya sabuni yaliingia chini ya mpira yakakaa humo, ngozi ikatoka upele, na upele ukawa kidonda. Ndipo alipofanya kosa ambalo dobi pekee angelifanya. Watu wa kazi hiyo mpini wa pasi ukiwachoma huufungia kitambaa, bomba likivuja hulikazia kitambaa, na hakuna shida wanayoamini kuwa imeshinda kipande cha shuka kuukuu. Basi Kijiti alichana utepe wa shuka laini, akauzungusha mkononi mara mbili, akaifunga saa juu yake. Saa ikatulia tuli. Kidonda kikapata nafuu. Mwenyewe akajisifu kimoyomoyo, kumbe alikuwa anajichimbia shimo.

Barua ya kwanza ilikuja Jumatatu moja, na ya pili ikaifuata kabla wino haujakauka. Zote zilisema jambo lilelile: mhusika hakuwepo kazini siku kumi na moja. Kijiti alizisoma akiwa amesimama kwenye mvuke, jasho likimtiririka, na mguu wa kulia unamuuma kwa kusimama. Alipanda ngazi za ofisi mbili mbili.

"Sikuwepo?" aliuliza kabla hajakaribishwa. "Mimi sikuwepo?"

"Kompyuta inasema hivyo."

"Meneja, shuka la kitanda cha watu wawili hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika ncha za huku, mwingine za kule, wakakutana katikati. Mwenzangu wa meza ni Mama Mapacha. Hebu mtazame humo. Siku hizo yeye alikuwepo?"

Meneja alitazama. "Alikuwepo. Kijani kitupu."

"Na alikunja mashuka mangapi?"

"Mia nne kwa siku."

"Na nani? Na jini?"

Hapo mtu mwenye akili zake angenyamaza akafikiri. Meneja hakufikiri. Alijiegemeza kwenye kiti chake, feni inampepea kisogoni, akasema, "Huenda shoga yako anakukingia kifua. Mambo ya mashuka mimi siyajui, najua saa. Saa haidanganyi, mama. Watu ndio wanaodanganya."

"Unaniita mwongo?"

"Sijakuita mimi. Na mbona mimi ninavaa kutwa na hainisumbui? Jizoeze tu."

Kijiti alishuka ngazi. Miaka kumi na tisa! Alikuja kazini na homa, akaja kazini kesho yake baada ya kumzika mumewe, kwa sababu hospitali ilikuwa haina mashuka. Leo anaitwa mwongo na kipande cha mpira, na aliyekileta kipande hicho hajawahi kulowesha hata kola. Alitamani kulia, akaona kulia ni kuwapa watu raha ya bure. Siku tatu baadaye barua ya tatu ilifika. Aliitwa kikaoni Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya mwenye kiwanda, aeleze kwa nini asifukuzwe.

Mama Mapacha, ambaye mikono yake minene iliijaza saa barabara, ndiye aliyemshika bega. "Usilie, shoga yangu. Ukilia umewaachia. Kuna fundi saa pale kona ya benki. Mpelekee akuangalizie, huenda ni mbovu."

Mapumziko ya mchana yalipofika, Kijiti hakula. Alikwenda kwa fundi akamnyooshea mkono. Fundi alivaa miwani yake, akainua saa, akakivuta kile kitambaa kwa koleo.

"Hiki umeweka wewe?"

"Ilikuwa inanichuna."

"Basi umeiziba macho, mama. Hizi taa lazima ziguse ngozi. Siku zote hizo imekuwa ikipima afya ya shuka."

Kijiti hakucheka. Hasira zilimgeukia yeye mwenyewe kwanza, zikamuuma kwelikweli, kisha akafikiri, zikarudi zilikotoka. "Na nikikitoa?"

"Ikuchune tena, iteleze tena. Ngoja nikuonyeshe." Fundi alikata ukanda wa karatasi, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa Kijiti, akatia alama kwa kalamu, akaulaza kwenye rula. "Umeona? Mkono wako ni sentimita kumi na tatu na nusu. Saa hii ni ya mkono wa dume zima. Uso wa saa haufai kuvuka kingo za mkono. Ikae nyuma kidogo ya mfupa huu, si juu yake. Mkanda uruhusu kidole kimoja kupita. Vikipita viwili, imelegea. Kisipopita hata kimoja, inakunyonga. Na mtu wa maji na sabuni avae mkanda wa kitambaa unaokauka upesi, si huu mpira. Nani kawachagulia?"

"Mtu asiyeshika maji."

Fundi alitoa saa ndogo kwenye kabati, mkanda wake mfupi na mwepesi, akamfungia. Ilimkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Taa za kijani zikawaka, mapigo yakaonekana, na mapigo yenyewe yalikuwa ya mtu aliyekasirika. Kijiti alimwomba amwazime hadi Alhamisi akaonyeshe kikaoni. Fundi alisitasita, akakitazama kile kidonda, akakubali.

Alhamisi ilifika. Mwenye kiwanda alikuwa mama wa makamo mwenye haraka ya kila kitu, simu mbili mezani na mkoba hajauvua begani. Mama Mapacha aliketi kama shahidi. Meneja aliiweka kompyuta mbele yake, akafungua faili nene.

Kijiti alieleza yote, na la kitambaa hakulificha. Alionyesha kidonda, akaonyesha saa mbili, kubwa na ndogo. Mwenye kiwanda alisikiliza nusu nusu. "Lakini meneja anasema saa ni ileile kwa wote," alisema. "Kwa nini wewe tu ndiye imekushinda?"

"Amekwisha kukiri kwamba alichezea kifaa," meneja alidakia. "Hilo peke yake ni kosa. Upele ni wa sabuni, na kubwa au ndogo ni suala la kuzoea. Mimi mwenyewe saa yangu hii imeunganishwa na kompyuta hii hii, sijawahi kulalamika."

Neno hilo la kuzoea ndilo lililommaliza Kijiti uvumilivu. Alisimama akamtolea uvivu.

"Umeichagua wewe! Ulijaribu tatu ukarudisha mbili, ulitusimulia mwenyewe! Haya, hii ndogo ni ya kipimo cha mkono wangu. Ivae. Ivae mpaka umalize kunisomea makosa yangu yote yaliyomo kwenye faili hilo. Ukizoea, naondoka leo hii, barua yenu nitaitia sahihi bila kubishana."

Mama Mapacha alimvuta gauni. "Shoga, wewe!"

"Niache!"

Mwenye kiwanda alitazama simu yake. "Ivae, baba, tumalize. Kuna watu wananingoja."

Meneja alicheka. Aliivua saa yake ya ngozi, akaiweka mezani kwa uangalifu, akaichukua ile ndogo. Mkanda haukutaka kukutana. Aliuvuta, akapumua, akauvuta tena, mpaka chuma kikaingia kwenye tundu la pembeni kabisa. Nyama ya mkono ilifura pande zote mbili za mkanda. "Hii nayo ni shida?" alisema, akaanza kusoma.

Ukurasa wa kwanza aliusoma kwa sauti ya mahakamani. Wa pili aliuharakisha. Alipofika wa tatu vidole vyake vilikuwa vimeiva, na mkono akiutikisa chini ya meza akidhani hawamwoni. "Mfanyakazi huyu, bila idhini, hakuwepo mahali pake pa kazi..."

Kompyuta ikalia. Mwenye kiwanda aliigeuza. Jina la meneja lilikuwa jekundu, na kando yake: hayupo kazini.

"Hupo?" aliuliza mwenye kiwanda.

"Nipo, mama! Si unaniona?"

"Mimi nakuona. Kompyuta haikuoni."

"Ni kwa sababu saa nimeivua, haigusi ngozi..." Alijisikia akisema hivyo, akanyamaza.

"Endelea kusoma," alisema Kijiti. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilitisha kuliko kelele. "Kurasa bado nne."

Meneja alishika karatasi, herufi zikamcheza. Ghafla aliitupa, akaung'ang'ania mkanda kwa kucha, akaufungua kwa nguvu. "Mkono unakufa ganzi! Mtu atasomaje namna hii?" Alama nyekundu ilimzunguka kifundo chote, naye akaisugua huku anagugumia.

"Dakika saba," Mama Mapacha alisema akitazama saa ya ukutani.

"Mimi nimevaa wiki tano," alisema Kijiti. "Huku nafanya kazi. Huku naitwa mwongo."

Mwenye kiwanda aliuvua mkoba begani kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alizikusanya barua zote tatu, akazichana, akaagiza kila mfanyakazi apimwe mkono na achaguliwe saa na mkanda unaomfaa, na mpaka hapo pasiwepo na jina jekundu la mtu yeyote. Kisha alisema kwa shida, "Sahihi ya kuzinunua kwa jumla ni yangu mimi."

"Najua," alisema Kijiti. "Iko chini ya barua zangu pia."

Meneja aliambiwa aombe radhi. Alikohoa, akatazama dirishani. "Basi, mama, yamekwisha."

"Yamekwisha kwako."

Kijiti alifungua mlango, akashuka zake kwenye mvuke. Kazi alikuwa nayo, ila hasira zilikuwa hazijamtoka, na hakuona sababu ya kuzifukuza upesi. Alishika ncha mbili za shuka, Mama Mapacha akashika mbili, wakalikung'uta mpaka likatoa mlio. Huko juu meneja alikuwa bado anasugua mkono wake wa dakika saba. Wahenga hawakukosea waliposema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.