Pacha wa Ukingo wa Grafini

Ninyi mnaotafuna penseli, tulieni niwaambie kilichomo ndani yake.

Hapo kale Grafini ilikuwa nchi isiyo na mwisho: tandiko moja la kaboni ya penseli, jembamba kuliko wembe, nyumba zake zimepangwa kama sega la nyuki. Kila nyumba ilishikana mikono na majirani watatu. Wenyeji wake, elektroni, walikuwa wepesi wa mbio ajabu, na mwiko wao ulikuwa mmoja tu: kusimama. Aliyesimama aliitwa jiwe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini sakafu yao haikuwa na ukingo, basi kiburi kikawajaa.

Aliyewapita wote mbio alikuwa Sikudhani, akifuatwa na pacha wake, Chaurembo.

Siku moja nchi ikapasuka pande zote, ukabaki utepe tu. Kwenye ncha za utepe, kaskazini na kusini, nyumba zilizofiwa na majirani zilibaki mbili mbili, zikashikana zenyewe, mbio zikaendelea. Lakini mashariki, alikokuwa Sikudhani, ukingo ulikatika kama meno ya msumeno, na kila nyumba iliyofiwa ikabaki peke yake. Nyumba ya mama yake ilining'iniza mkono mtupu, ikitetemeka, tayari kudaka lolote lipitalo. Nyumba inayodaka ovyo hung'oka. Sikudhani akapunguza mbio.

"Kimbia, dada!" Chaurembo aliita kutoka ukingo wa magharibi. "Usivunje mwiko!"

"Nikikimbia, nyumba ya mama inang'oka. Huko kwako je?"

Chaurembo akautazama ukingo wake. Kwake nako kulikuwa na meno ya msumeno, na nyumba zikitetemeka.

"Basi simama, kaka yangu. Mimi nitatazama juu, wewe tazama chini. La kuja lisitukute tumelala."

Sikudhani akaushika ule mkono mtupu, akasimama. Nyayo zilimwasha. Huko katikati wenzake walipita wakicheka, "Jiwe! Jiwe!" naye machozi yakamtoka. Nyumba ikatetemeka, ikatetemeka tena, kisha ikatulia. Jirani mmoja akaona, akaja kusimama ukingoni akitazama juu, na mwingine, na mwingine. Magharibi nako wakajipanga nyuma ya Chaurembo, wote wakitazama chini.

Na tangu siku hiyo elektroni hukimbia watakavyo katikati ya Grafini, ila penye ukingo wa msumeno wapo wasiobanduka. Wa ukingo huu wote huelekea juu, wa ule wote chini. Pacha wale hawajatazamana tena mpaka leo, lakini nyumba ya mama yao ingali imesimama.