Makuti ya Bi Mwanakheri

Tajiri Shekue alikuwa anamwoza binti yake, na alitaka fataki zirushwe mpaka mji mzima utazame juu. Kikwazo kilikuwa jirani yake, Bi Mwanakheri mfuga kuku.

"Halmashauri imekataza fataki ndani ya hatua mia kutoka paa la makuti," Shekue alimwambia. "Na paa lenyewe ni lako. Liezue."

"Kuku wangu wanaatamia, Bwana Shekue. Mlipuko utawatoa kwenye mayai."

"Kuku ni kuku."

"Basi mimi nilale wapi na mvua hii?"

"Nitakuezekea bati."

"Na makuti yangu?"

"Katupe unakojua."

"Haya, nimesikia," alijibu, macho chini.

Siku ya tatu nyumba yake iling'aa kwa bati jipya. Jioni ya harusi afisa wa halmashauri alikuja kukagua. Alilitazama lile bati akaridhika, kisha akageukia banda la wageni, ambako watu mia mbili walikuwa wanakula.

"Hili limeezekwa lini?"

"Juzi," Shekue alisema kwa fahari. "Fundi alipata makuti ya bei ya kutupa."

"Liko hatua kumi kutoka kwenye fataki zako. Hazirushwi."

Shekue alimgeukia fundi. "Makuti haya alikuuzia nani?"

Fundi alinyoosha kidole kwenye jamvi la mbele, alikoketi Bi Mwanakheri na sahani ya pilau.

"Banda zuri, jirani," alisema. "Ila mvua ikinyesha litavuja. Mimi mwenyewe makuti hayo yamenitesa miaka sita."