Ukuta Unaojiziba

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio na asikie. Anayesinzia, shauri yake!

Hapo kale palikuwa na Mize, msukaji mikeka, na kaka yake Shamte, mwanamume wa miaka hamsini, hodari wa maneno tu. Siku moja walikwenda kukata miyaa ya kusukia mikeka. Zimwi likawadaka, likawatupa pangoni na kuziba mlango kwa ukuta wa udongo.

"Jua likizama mara ya tatu, nawatafuna!" likanguruma.

Basi Mize akaokota kigae, akaanza kuchimba. Kumbe ukuta ule ni wa uchawi! Mkono ukipumzika, ukuta unajiziba.

"Kaka, tupokezane."

"Kesho, Mize, kesho. Kwanza nikueleze yule jirani alivyonikalia kiti changu harusini."

Akaeleza kutwa nzima. Mize akachimba.

Siku ya pili vidole vya Mize vikatoka damu. "Kaka, tupokezane."

"Kesho, Mize, kesho. Nawaza ni nani watakaonililia."

Akawataja mmoja mmoja, kisha akajililia mwenyewe. Mize akachimba.

Siku ya tatu: "Kaka, nakuomba!"

"Kesho, Mize, kesho."

"Kesho ipi, kaka?"

Wapi! Shamte, jitu zima, alikwisha kujinyoosha, anakoroma.

Jua likielekea kuzama, tundu likatosha mtu kupenya. Mize akamtikisa kaka yake. "Amka, tutoke!"

Shamte akaamka, akaanza kupapasa sakafuni. "Kilemba changu kiko wapi? Nitatokaje kichwa wazi?"

Mize akamvuta mkono. Shamte akajinasua. Udongo ukaanza kusogea. Basi Mize akapenya peke yake, na nyuma yake ukuta ukajiziba, fyu!

Akajibanza kichakani. Akalisikia Zimwi likirudi, likiufungua ukuta.

"Niongezee siku moja tu!" Shamte akalia.

"Nilikupa tatu. Na kabla ya hizo ulikuwa na miaka hamsini. Uliifanyia nini?"



Zimwi likamla, kisha likatema mate, tfu! "Mtu mzima hivi, na maisha yake hayajazi hata kijiko!"

Mize alimlia kaka yake siku moja. Siku ya pili akashika tena ukili wake wa mkeka, vidole vimefungwa vitambaa.

Hadithi yangu imekomea hapo, wajukuu zangu. Siku za kuishi si chache. Mpumbavu ndiye huzimwaga.