Jani Bichi Mwaka wa Ukame

"Fungua furushi ndipo ufungue kinywa." Mmemsikia leo mkutanoni mzee mmoja akimtupia neno hilo yule mgeni wa mdomo mtamu, nanyi mkacheka mkidhani mzee ana njaa. Hakuwa na njaa. Sogeeni niwaeleze lilikotoka, maana lilizaliwa hapa hapa kwetu milimani Upare, mwaka ambao mvua ilitusahau.

Palikuwa na mjane akiitwa Namkunda. Mumewe alimwachia watoto wadogo, kipande cha shamba na zamu ya maji, basi. Shamba lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba babu zetu ili maji yagawiwe kwa zamu. Jirani yake wa juu, Kajiru, tajiri wa ng'ombe na migomba, akaenda kushitaki kwenye baraza la maji kwamba bwawa halijai tena, na mfereji wa mjane uzibwe kwa kuwa maji yanapotelea njiani. Namkunda alijua maana yake. Mfereji ukizibwa, maharage yanakufa, naye atateremka tambarare na wanawe kwa kaka zake, akale kwa kusimangwa.

Baraza lile lilikuwa na desturi zake. Mtu asiye na kesi aliruhusiwa kuja kuwashauri wazee. Aliitwa rafiki wa baraza, na neno lake lilikuwa zito kwa sababu hana cha kupata wala cha kupoteza. Tena siku ya kesi kila upande ulileta nafaka yake, zikachanganywa zikapikwa chungu kimoja, na wazee na marafiki wote wakala humo, pasiwe na mtu aliyeshibishwa na upande mmoja. Lakini mgeni akija na chakula chake hakuulizwa. Kumuuliza mgeni alichobeba ilikuwa aibu kubwa kwetu, na hata leo.

Siku ya kesi marafiki walikuja wengi kupita kawaida. Walikuja warina asali kutoka ng'ambo ya mlima, wakaja wahunzi wa bonde la pili, wakaja na watunza chemchemi na vitambaa vyao vyeusi. Kila kundi lilisema haliyajui mengine. Namkunda aliwatazama wakiingia, akaanza kuona kitu kisichomkalia vizuri. Watu hawa tangu lini waliujua mfereji wake?

Kibacha, msemaji wa warina asali, alisimama wa kwanza. "Wazee wangu, sisi hatuna upande. Tumesukumwa na mapenzi ya maji tu. Mfereji mrefu ni mfereji mwizi."

Mhunzi akasimama, akazungukazunguka, akamaliza na lile lile: mfereji mrefu ni mfereji mwizi. Watunza chemchemi nao wakalitamka kwa taratibu zao za kimila. Hawa wamelelewa na bibi mmoja? Namkunda alijiuliza. Lakini Mzee Mgonja, mkuu wa baraza, alikuwa akitikisa kichwa kukubali, na wenzake pia. Watu wote hawa, na hawana la kupata, wangesema uongo kwa faida gani? Mjane akaona kesi inamponyoka.

Ikafika saa ya kula. Chungu kilikuwa na makande mepesi, mahindi machache yakiogelea na majani ya kunde. Wazee walikula mpaka wakakwangua bakuli. Namkunda akawapelekea wageni.

"Ahsante, mama," alisema Kibacha. "Tumebeba chetu cha njiani."

Wakajitenga pembeni, migongo wameipa baraza. Namkunda alisimama na bakuli mkononi, anawatazama. Wametembea tangu jogoo la kwanza, mwaka wa njaa, na hawakukitupia chungu hata jicho! Ndipo alipoona ncha ya jani ikichungulia kwenye furushi la Kibacha. Ilikuwa ya kijani. Mjane akageuza macho kwenye migomba yake kule chini, iliyokauka ikawa rangi ya tumbaku, kisha akaitazama tena ile ncha. Hasira ilimpanda, akaimeza.

"Baba Mgonja, naomba neno."

"Kesi imesimama, mwanangu. Watu wanakula."

"Neno langu ni la chakula, baba. Naomba wageni wafungue mafurushi yao hapa katikati."

Baraza likachafuka. "Mwanamke anapekua wageni!" alifoka Kajiru. "Haijapata kuonekana!"

"Mwanangu, hiyo ni aibu," alisema Mzee Mgonja kwa upole.

"Aibu naijua, baba. Lakini mimi na Kajiru mmetuuliza asubuhi nzima, mpaka habari za makaburi ya babu zetu. Hawa hawakuulizwa kitu, na hawa ndio wanaonizibia maji."

 Mzee Mgonja akalitazama bakuli lake alilolikwangua, akatazama makande ya wageni yaliyokuwa yakipoa. "Kibacha," alisema, "fungua."

Kibacha alifungua polepole. Ndani mlikuwa na nyama ya ng'ombe iliyonona, imefungwa kwa jani bichi la mgomba. Mhunzi akafungua: nyama, na jani bichi. Watunza chemchemi vilevile. Hakuna aliyeiangalia nyama. Watu waliyaangalia yale majani, kisha vichwa vikageuka kimoja kimoja kuelekea kwa Kajiru, kwa kuwa mlima mzima ulibaki na shamba moja tu la migomba ya kijani.

"Kulisha wageni kumekuwa kosa tangu lini?" aliuliza Kajiru.

"Si kosa," alijibu Mzee Mgonja. "Kosa ni kuwalisha mafichoni, kisha waje kutuambia hawana upande."

"Mzee, niliyoyasema ningeyasema hata bila nyama," Kibacha alijitetea.

"Huenda. Basi ungetuonyesha nyama kwanza, maneno yakafuata. Tungejua namna ya kuyapima."

"Na mimi nauliza moja tu," alisema Namkunda. "Jani bichi mwaka huu linanyweshwa na nini?"

 Wazee wakainuka, wakapanda wenyewe mpaka shambani kwa Kajiru. Chini ya matawi ya miiba waliukuta mfereji ukinywa kutoka kwenye ndiva bila zamu. Ulikuwa mfupi sana, hatua chache tu. Mfereji mwizi haukuwa mrefu hata kidogo.

Ukazibwa siku ile ile, na maji yakateremka mpaka mwisho. Namkunda alisimama shambani miguu ndani ya maji, akalia bila kujificha.

Tangu hapo rafiki yeyote wa baraza alikaribishwa kusema, hata kama amelishwa na upande mmoja, ila alionyesha kwanza chungu alimokula. Namkunda alizeeka akihudhuria kila kesi, amekaa karibu na mlango. Mgeni akisimama, akakohoa kusafisha koo, akaanza kusema hana upande, bibi yule alilitazama furushi la mgeni tu, na baraza zima likamalizia kwa sauti moja: Fungua furushi ndipo ufungue kinywa.