Bibi Sihaba na Chuo Kilichovuna Kamba

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma mmekula nini? Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, babu zenu hawajaota hata meno, palikuwa na Jumbe mkarimu. Mkarimu kwelikweli! Aligawa ng'ombe, wa jirani. Aligawa mbuzi, wa wajane. Siku moja akapanda kilimani, akatazama mashamba ya mtama, akanyoosha fimbo.

"Kutoka kijito kile hadi mwamba ule, natoa ardhi kijengwe chuo kikuu. Watoto wa wakulima wafundishwe kilimo!"

Wapambe wake wakapiga makofi, pa! pa! pa!

Ardhi ile ilikuwa ya nani? Ya Bibi Sihaba na ukoo wake. Alikuwa mama mzee, mwenye goti bovu na ulimi mzima.

"Jumbe," akauliza, "umetoa au umechukua?"

"Nimetoa, Bibi. Kwa ajili ya wajukuu zako."

"Watasoma hapo?"

"Naapa."

Bibi akahamia bondeni, kwenye mawe. Alilia, msidhani hakulia. Kisha akashika jembe. Ti! ti! ti!

Walimu wakaja, saba, majoho yakifagia vumbi. Fwaa, fwaa, fwaa! Mkuu wao aliitwa Mwalimu Shekue. Mwaka wa kwanza wakajadili lango liwe na upana gani. Wakala, wakalala. Mwaka wa pili wakajadili nani atangulie kupita langoni. Wakala, wakalala. Mwaka wa tatu wakajadili asili ya jembe. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawa hata kulichagua hawakulichagua. Na shamba? Magugu mpaka kiunoni.

Wajukuu wa Bibi Sihaba wakaenda langoni. Bawabu akawauliza, "Mnajua kusoma?"

"Hatujui. Tumekuja kusoma."

"Nendeni mkajue kusoma kwanza, ndipo mje kusoma."

Mwaka wa nne Jumbe akatuma neno: "Keshokutwa naja na wageni kuona mavuno." Mwalimu Shekue akakunja joho. Akateremka bondeni mbiombio.

"Shikamoo, Bibi. Tunaomba masuke ya mtama. Ya kufundishia."

"Marahaba. Elimu hainyimwi," akasema Bibi, akampa makapu kumi.

Siku ikafika. Ngoma, ndu ndu ndu! Shamba limesimama, masuke yamenona. Jumbe akavimba kama chura. Akamwona Bibi Sihaba katikati ya watu.

"Bibi, wewe mkulima. Waambie wageni, chuo changu kimezaa?"

Bibi akalisogelea bua, akalishika. Lilikuwa tete la kijitoni, si bua la mtama! Akayatambua masuke yake, yamefungwa juu ya matete kwa kamba.

"Kimezaa, Jumbe. Kimezaa kamba."

Akavuta kamba. Suke likaanguka, pu! Akavuta la pili, pu! La tatu, pu! Wageni wakacheka wakashika mbavu.

Jumbe akawaka. "Kifungwe leo! Hapa nitalisha farasi wangu!"

Wanakijiji wakashangilia. Kisasi ni kitamu. Bibi hata yeye alikionja, akakitema.

"Jumbe, chuo kikifungwa, ardhi inarudi kwetu?"

Jumbe akawageukia wageni wake.

"Hairudi. Basi kibaki. Uliniapia wajukuu zangu watasoma. Apa tena, wageni wako wasikie."

Wageni wakamkodolea macho Jumbe. Angefanya nini? Akaapa, sauti kama ya mbu.

Bibi akamgeukia Shekue. "Vua joho."

"Bibi, mimi ni mwalimu!"

"Ndiyo. Na mimi ni mwalimu wako mpaka mavuno. Asubuhi watoto hawa watakufundisha kulima. Jua likiwa kali, utawafundisha kusoma. Haya, inama."

Ti! ti! ti! Malengelenge yakaota, yakapasuka, yakaota tena. Mvua ikanyesha, wakapanda, wakapalilia. Mtama ulipokomaa, Mwalimu Shekue alilishika suke la kwanza akalivuta kwa nguvu. Halikuanguka! Akakaa chini katikati ya shamba, akacheka mpaka machozi.

Hivyo ndivyo chuo kilivyoanza. Kikakua, kikatoa waganga wa mimea na wachimba mifereji. Miaka ikapita, wakubwa wakachonga jiwe la historia yake. Bibi Sihaba, mkongojo mkononi, akapelekwa kuliona na mjukuu wake Riziki, ambaye sasa alikuwa mwalimu palepale.

"Nisomee."

"'Ardhi hii ilitolewa na Jumbe mkarimu.'"

"Na ilikuwa ya nani, wameandika?"

"Hapana, Bibi."

"Basi chuo bado kichanga," akasema, akageuka kwenda zake. "Wafundishe."

Wenzangu, agawaye cha mwenzake si mkarimu, na msomi asiyemuuliza mkulima atavuna kamba. Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kubisha, akabishane na jiwe.